Kona ya Mkono wa Kulia

Nyumbani kwa mzee Masunga, mtu akishindwa kazi hapewi pole wala hafokewi. Anapewa kazi ileile tena kesho yake asubuhi. Ndivyo alivyowalea watoto wake, na mimi ningekuwa mmoja wao ningetoroka nikiwa darasa la nne. Binti yake Minza hakutoroka. Aliondoka mara moja tu, kwa ndoa, akakaa na mume pale Igawa barabarani miaka mitatu, kisha akarudi na begi moja na ndoo mbili za plastiki. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na hapa zizi lilikuwa zizi kwelikweli, lenye maksai sita na mbu wasio na idadi. Baba yake alimwona anaingia uani, akamwuliza kama amekula. Asubuhi akamkabidhi fimbo.

Hawa walikuwa Wasukuma wa Kwimba, walioteremka na mifugo yao hadi bonde la Usangu kabla Minza hajazaliwa. Nyumba waliziacha, makaburi waliyaacha, wakaja na majina. Kila maksai aliyepita mikononi mwa Masunga aliitwa kwa jina la mahali walikotoka: Ngudu, Malya, Sumve, Magu. Jirani yao mmoja, Msangu, alikuwa akisema kwamba ukimsikia mzee anapayuka shambani huwezi kujua anamtukana ng'ombe au anawakumbuka ndugu zake.

Kazi ya Masunga ilikuwa kufundisha maksai kulima. Si kufuga, kufundisha. Wanaofuga wako wengi, lakini maksai asiyefundishwa ni nyama inayotembea. Unachukua wawili waliolingana kimo, unawafunga nira moja, unawakokotesha gogo wiki kadhaa hadi shingo zizoee, ndipo unawatia kwenye plau. Kila mmoja anajua upande wake. Wa kushoto ni wa kushoto mpaka siku ya kuchinjwa. Wakiiva, anakuja mtu anawachukua, na desturi ya Masunga ilikuwa kwamba fundi huenda na ng'ombe wake hadi nyumbani kwa mnunuzi, mwenyeji wake, akakaa siku tatu. Siku mbili za kwanza anawaendesha yeye, siku ya tatu anawaendesha mwenyeji. Mwenyeji akiridhika, anakata majani na kuwalisha kwa mkono wake, na hapo biashara imekwisha. Asipowalisha, fundi anarudi nao.

Kwa miaka arobaini hakuna aliyekataa kuwalisha ng'ombe wa Masunga. Lakini magoti hayajali sifa. Yalipokataa kabisa kufuata plau, mzee akakaa kwenye ukingo wa jaruba la mpunga na Minza akawa miguu yake. Magu na Kwimba ndio walikuwa maksai wa kwanza ambao Minza aliwafundisha mwenyewe tangu nira ya kwanza hadi mfuo wa mwisho. Magu alikaa kushoto, mweusi, mpole, mvivu kidogo. Kwimba alikaa kulia, mwekundu, mwenye haraka ya mtu anayewahi basi. Ilimchukua miezi tisa, na walipoiva Minza aliwapenda kuliko alivyowahi kumpenda yule mume.

Mnunuzi alikuja bila kuitwa. Aliitwa Philbert, katekista mstaafu, Mhehe mwenye nyumba Kihesa pale Iringa mjini na shamba katika kijiji kimoja cha upande wa Tosamaganga. Alikuwa anatoka msibani Mbeya, basi lao likaharibika Igawa, na katika kungoja akawaona maksai wawili wanalima jaruba la kando ya barabara na mwanamke nyuma yao. Akavua viatu akaingia kwenye tope na suti yake ya msiba. Akasema kijijini kwao jembe la mkono limewamaliza viuno na kwamba anawataka hao hao. Masunga hakuwahi kupata mteja wa kutoka milimani. Wote walikuwa watu wa bondeni kama yeye. Alifurahi siku hiyo hata akacheka, jambo ambalo kwake lilikuwa kama sikukuu.

Basi mvua za kwanza za Desemba zilipoanza, Minza akapata kibali cha kusafirisha mifugo, akapakia ng'ombe wake kwenye lori la fuso, akapanda nao kwenda Iringa. Peke yake. Baba alibaki na magoti yake.

Hapa sina budi kueleza jambo dogo, maana kila kitu kilitoka hapo. Jaruba la mpunga hulimwa kwa kuzunguka. Unashika ukingo, unapinda kushoto kwenye kila kona, unazidi kuingia ndani mpaka unamalizia katikati. Lakini shamba la Philbert lilikuwa ubavuni mwa kilima, limekatwa vipande virefu vyembamba kwa makinga ya udongo ili maji yasiondoke na rutuba. Kipande kama hicho huwezi kukizunguka. Unaanzia chini, unakwenda mpaka mwisho, unageuza ng'ombe kuelekea juu, unarudi. Mwisho wa huku, juu iko kushoto. Mwisho wa kule, juu iko kulia. Mtoto wa Iringa anajua hilo kabla hajajua kusoma. Minza hakuwahi kulifikiria, maana alikozaliwa hakuna juu wala chini.

Watu walijaa kuangalia. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kuna ukungu na manyunyu, akina mama wamejifunika vitenge mpaka kichwani. Minza alisalimia "Kamwene" kama alivyofundishwa kwenye fuso na utingo, wakaitikia wote kwa pamoja, akajisikia mtu. Mfuo wa kwanza ulinyooka. Mwisho wa huku Magu na Kwimba wakapinda kushoto, wakapanda juu taratibu, wakarudi. Watu wakapiga makofi. Mwisho wa kule Minza akavuta kamba ya kulia na kuwaamuru wapinde, nao wakafanya walichofundishwa. Walipinda kushoto.

Kushoto ilikuwa chini. Waliruka kinga, wakateremka kwenye maharage ya jirani huku plau ikirukaruka nyuma yao, na Minza, kwa kuwa fundi haachii plau, hakuachia. Alikokotwa kwa tumbo mpaka walipokutana na mgomba. Alipoinuka alikuwa na udongo mwekundu mdomoni, na kijana mmoja alikuwa amemaliza kurekodi.

Alijaribu tena siku ile, akajaribu siku ya pili mara tatu. Kila mara kushoto wanapinda vizuri, na kulia wanakwenda kushoto. Aliwapiga, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo, na Kwimba akamwangalia kwa mshangao kama mtu anayepigwa kwa kusema ukweli. Siku ya tatu Philbert hakukata majani.

"Mwanangu, ng'ombe wako wazuri, tena wana afya," alisema, amesimama kwenye manyunyu bila kofia. "Ila wanajua upande mmoja tu. Siku wakijua pande mbili unipigie simu. Mimi nitasubiri."

Minza alimshukuru, lakini hakumwamini. Aliona ni ustaarabu tu wa wazee wa kanisani, wasioweza kumwambia mtu hapana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Kwa jirani mwenye maharage alishika jembe akapanda upya mistari yote iliyokanyagwa, kisha akapanda fuso pamoja na ng'ombe wake, akakaa sakafuni katikati yao kwa sababu ya baridi ya Mafinga, na njia nzima hakutaka kufika.

Ile video ilifika kabla yake. Pale Igawa, muuza mahindi ya kuchoma alimwuliza kama tumbo limepona.

Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. Minza alieleza yote, mpaka mgomba. Mzee aliuliza swali moja, kwamba walikataa kupinda wapi hasa, na aliposikia ni kulia akaitazama mikono yake. Minza alijua anatafuta maneno ya kumkaripia kwa uzembe wake, akangoja.

"Kesho wafunge," Masunga akasema.

Kaka yake Mwigulu naye alikuja Jumapili iliyofuata kutoka Mbeya mjini, anakouza vipuri vya pawatila, vile vitrekta vya kusukuma kwa mkono. Si mtu mbaya, Mwigulu. Ana mdomo mkali na moyo laini, na alikuwa amechoka kumwona baba yake akikaa juani kwa ajili ya kazi ambayo, kwa maoni yake, imekufa. Alisema maksai wamepitwa na wakati, kwamba pawatila haili majani na haivunji maharage ya watu, na kwamba hao wawili wapelekwe mnadani, wachinjaji watawafurahia. Na Minza atafutiwe kibanda cha chakula pale barabarani.

Masunga alimsikiliza naye. Akasema, "Mvua za mwakani zikianza, kama bado hawajaweza, utawapeleka."

Mwigulu alikubali, maana mwaka mmoja si mrefu. Kwa hiyo mambo yakawekwa hivyo: Magu na Kwimba wajifunze kupinda kulia kabla ya mvua, au waende kwa wachinjaji, na kazi ya Masunga ifie hapo, na Minza akakaange chipsi.

Watu walimpa moyo, kama ilivyo kawaida ya watu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walimwambia, karibu kila siku, mpaka akatamani kuonana na mhunzi huyo amwulize alikula nini wakati koleo limevunjika. Maneno ya watu yalimchosha. Lakini kilichomchosha zaidi ni baba yake, ambaye hakuwa na maneno. Kila alfajiri sauti ileile kutoka mlangoni, ikimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, wafunge." Mvua, wafunge. Jua, wafunge. Siku Minza ana homa, mzee alimletea dawa na maji, akasubiri ameze, akasema homa ikishuka awafunge.

Aliwafungia gogo, sasa plau ya nini. Akaanza mwanzo kama ndama. Mwezi wa kwanza wote hakuelewa hata tatizo liko wapi. Alidhani ni ubishi. Mwezi wa pili, akiwa amechoka kiasi cha kuacha kupiga kelele, alianza kuangalia miguu yao badala ya vichwa vyao, na ndipo akaona. Wakipinda kushoto, Magu hukanyaga mahali pamoja na kusubiri, na Kwimba anazunguka kwa hatua ndefu. Ili wapinde kulia, inabidi Kwimba ndiye asubiri. Na Kwimba hakuwahi kusubiri kitu chochote tangu kuzaliwa kwake. Hakuna aliyewahi kumwomba.

Alikimbia mbio kumweleza baba yake pale ukingoni. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa makini.

"Sasa wewe ulikuwa unawafundishaje kusubiri?" Minza akauliza. "Wale wa zamani. Ngudu na wenzake."

"Umeona tatizo, hiyo ni kazi kubwa," Masunga akasema. "Endelea."

"Baba, nionyeshe basi. Neno moja tu."

"Nikikuonyesha ntakuwa nimewafundisha mimi. Wafunge."

Minza alirudi kwa ng'ombe wake huku machozi yakimtoka kwa hasira. Alijua baba yake ana siri ya kazi, kila fundi anayo, na kwamba anamficha makusudi ili ajue ugumu wa maisha. Alimchukia kidogo. Kumchukia baba ni kazi nyingine ya kuchosha, hasa unapolazimika kumpikia.

Machi ikapita, Aprili ikapita. Alijaribu kumzuia Kwimba kwa fimbo puani, Kwimba akampitia juu ya mguu na kumvunja kidole. Alijaribu kumwendesha Kwimba peke yake, akaelewa vizuri peke yake, akasahau alipofungwa na mwenzake. Alijaribu kuwabadilishia pande, wakagombana ndani ya nira mpaka ikapasuka, na nira mpya ikachukua wiki kuchongwa. Mei ikaja na mavuno ya mpunga, ng'ombe wakapumzika siku kumi na mbili, na waliporudi kwenye gogo walikuwa wamesahau hata ule kidogo. Ilikuwa kama hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha chochote.

Siku hiyo Minza alifungua nira katikati ya shamba, akaiacha chini, akarudi nyumbani akampigia Mwigulu. Alimwambia alete mnunuzi. Hakulia. Alikuwa amechoka na uchovu ulikuwa umemtuliza. Kisha akalala mchana, jambo ambalo mtu mzima halifanyi pale kwao.

Asubuhi hakusikia sauti mlangoni. Jua lilipanda, na bado kimya. Mwishowe akatoka kuangalia kama mzee ni mzima, akamkuta shambani. Masunga alikuwa amewafunga mwenyewe. Nira hiyo ni mti mzito, hata Minza huiinua kwa kuguna, naye kaiinua peke yake na magoti yale. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Amewashika ng'ombe kwa kamba, mikono inamtetemeka mpaka kamba inacheza, na kwa jinsi mavi yalivyokwisha kukauka miguuni pa Magu, Minza aliona kwamba kasimama hapo muda mrefu.

"Leo nimefunga mimi," mzee akasema. "Kwako imebaki kupinda tu."

Minza hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayetetemeka. Alichukua kamba. Baadaye alimpigia tena Mwigulu, akamwambia amngoje mpaka mvua kama walivyokubaliana.

Jibu, lilipokuja, halikuwa na maajabu yoyote. Kulikuwa na nguzo ya uzio iliyobaki kwenye kona ya shamba, na siku moja ya Juni ncha ya nira upande wa Kwimba iliikwaa ile nguzo. Kwimba akakwama. Magu, ambaye hakukwama, akaendelea na hatua zake za kivivu, akazunguka. Wakawa wamepinda kulia bila kutaka. Minza alisimama akiwaangalia. Kesho yake alichimbia nguzo kwenye kila kona, upande wa kulia, na kuanzia hapo akawazungusha kulia tu, kila siku, nguzo hadi nguzo, wiki sita. Kwimba alikwama mara mia nyingi. Kisha akaanza kupunguza mwendo kabla ya kuikwaa. Kisha akaanza kusimama. Minza aling'oa nguzo ya kwanza, na Kwimba akasimama pale pale ilipokuwa, akasubiri mwenzake apite.

Hakushangilia. Alikaa chini kwenye vumbi. Kulikuwa bado na nguzo tatu, na baada ya hapo kujifunza kusimama mahali ambapo hapakuwahi kuwa na nguzo, na baada ya hapo kupanda na kushuka, ambako kwa kukosa kilima aliwafundishia kwenye tuta la mfereji mkubwa wa umwagiliaji huku wanaofua nguo wakimzomea. Hiyo ilikula Agosti, Septemba na Oktoba. Mwanzoni mwa Novemba alimpigia Philbert, akiwa na hakika kwamba mzee wa watu ameshasahau.

"Ala, mwanangu," Philbert akasema. "Nilishaanza kuhofia umeacha. Njoo nao."

Safari hii Masunga alisema anakwenda. Minza na Mwigulu walimkatalia kwa pamoja, pengine kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo, na hawakusikilizwa. Mzee alipanda basi na kufika siku moja baada ya fuso, amevaa koti la Mwigulu, akitetemeka kwa baridi ya Iringa, akakaa juu ya kinga kwenye kiti alichopewa na mke wa Philbert. Aliliangalia shamba lile la ubavuni kwa muda mrefu. Alikuwa hajawahi kuona shamba lililoegemea hivyo.

Siku ya kwanza na ya pili Minza aliendesha. Kushoto walipinda, kulia walipinda. Yule jirani wa maharage alikuja kusimama mpakani, kwa tahadhari, mikono nyuma. Siku ya tatu Philbert alishika plau mwenyewe, akaenda mpaka mwisho wa kule, akatamka amri kwa sauti ndogo kama anaogopa kuwaudhi, na Kwimba akasimama, akasubiri. Magu akazunguka. Wakapanda juu.

Philbert alilima vipande viwili. Kisha akaenda pembeni, akakata majani mabichi, akaja akawalisha, Magu kwanza, halafu Kwimba. Alikuwa analia kidogo, mzee yule, na wala hakuficha.

Minza alitafuta furaha ndani yake akaikosa. Alihisi kiuno. Alihisi kile kidole kilichounga vibaya. Alifikiri kwamba sasa anaweza kulala, na kwamba ng'ombe hawa hatawaona tena, na hayo mawili yakachanganyika mpaka hakujua analotaka kulilia ni lipi. Mwigulu alikuwa ametuma ujumbe kuuliza, naye hakuwa na nguvu ya kuandika. Akaenda kumtazama baba yake ili aone walau yeye amefurahi, na akamkuta amesimama, ameshaacha kiti, anakuja kwenye plau.

"Hebu nishike kidogo," Masunga akasema. "Niwaage."

Philbert alimpisha kwa heshima. Watu waliokuwepo walisogea karibu, maana walishaambiwa huyu ndiye mwalimu wa mwalimu. Mzee alishika vipini, akawaita ng'ombe kwa Kisukuma, na magoti yale yakakubali. Mfuo wake ulinyooka kuliko wa Minza. Mwisho wa huku akapinda kushoto bila hata kufikiri, plau ikaelea mikononi mwake, na Minza akaona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi jinsi mtu huyu alivyokuwa hodari. Akarudi. Akafika mwisho wa kule. Akaamuru kulia.

Kwimba alisimama, akasubiri. Magu akazunguka. Na Masunga, kwa mwili wake wote, akaenda kushoto. Vipini vilimponyoka, plau ikaondoka na ng'ombe, naye akabaki ng'ambo, chini ya mfuo, goti moja kwenye udongo na mikono mitupu.

Watu walicheka kwa upole, kama wanavyomcheka mzee aliyeteleza. Philbert alikimbilia ng'ombe. Minza alikimbilia baba yake, na alipomshika mkono amwinue aliuona uso wake, na huo haukuwa uso wa mtu aliyeteleza. Ulikuwa wa mtu asiyejua aweke wapi miguu. Aliufahamu uso huo. Alikuwa ameuvaa yeye mwaka mzima.

"Baba," alisema kwa Kisukuma, ili wenyeji wasisikie. "Wewe umewahi kupindisha ng'ombe kulia?"

Masunga alijipangusa udongo gotini.

"Hapana," akasema.

"Hata siku moja?"

"Nipinde kulia wapi, mayu? Maisha yangu yote nimelima tambarare. Uliposema kulia, siku ile umerudi na fuso, ndiyo mara ya kwanza nawaza kwamba kuna kulia."

"Nilikuuliza. Mwaka mzima nakuuliza, unaniambia wafunge."

"Ungejua mimi sijui, ungeacha," mzee akasema. "Na mimi neno lingine sikuwa nalo."

Minza alikasirika, hilo lazima lisemwe, alikasirika mpaka masikio yakawaka moto, kwa ajili ya kidole, na kwa kila alfajiri aliyokwenda akiamini kuna mtu ukingoni anayejua. Na ndani ya hasira hiyo akamwona mzee amekaa juani mwezi baada ya mwezi akiangalia jambo asilolifahamu, asithubutu kufungua mdomo, na asithubutu kuondoka. Alikuwa bado amemshika mkono. Hakuuachia.

Philbert aliwarudisha ng'ombe mpaka mwanzo wa mfuo, akangoja kwa adabu, akiangalia pembeni. Masunga akauona ule upole, akaelewa kwamba anaweza kwenda kukaa kwenye kiti chake na hakuna atakayemsema. Badala yake alichechemea mpaka kwenye plau, akashika vipini tena, akasubiri. Alipozungumza hakumtazama binti yake usoni. Alitazama chini, kwenye miguu yake.

"Haya, nionyeshe," akasema. "Naanza na mguu upi?"